Wale Watano wa Mbele: Maneno kwa Wazazi wa Vijana wa Futiboli, Iowa City

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Iowa City. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Najua wapo humu waliotoka zamu ya usiku wakaja moja kwa moja, na wapo watakaoingia kazini jioni hii. Kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Vijana wetu wengi wanacheza futiboli ya Kimarekani katika shule za hapa, na makocha wa vyuo wameanza kupiga simu majumbani. Mama mmoja alinifuata akaniuliza: "Mwalimu, wamesema mwanangu watamweka kwenye mstari. Mstari ni nini? Mbona hata mpira haugusi?" Mimi nafundisha mstari huo katika shule ya sekondari, na swali la mama yule linastahili jibu refu.

Kwa wasioujua mchezo: kila upande una wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa nne nyingine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Mbele kabisa ya timu yenye mpira wanainama vijana watano. Wa katikati ni senta, naye ndiye anayeanzisha kila mchezo, yaani kila moja ya nafasi zile nne, kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake kumpa kwotabeki, yule anayetupa pasi. Kushoto na kulia kwake wapo magadi wawili, na nje ya magadi wapo wawili wa pembeni. Hawa watano huvaa namba za kuanzia 50 hadi 79, na mwenye namba hizo haruhusiwi kudaka pasi ya mbele. Kazi yao ni kumzuia mpinzani asimfikie mwenye mpira. Kwotabeki akipewa sekunde mbili na nusu au tatu, anatupa pasi yake kwa utulivu. Asipopewa, anaangushwa, hata awe na mkono wa aina gani. Mkimbiaji naye hakimbii popote kama hajafunguliwa njia.

Kwa hiyo mama, mwanao hagusi mpira, lakini hakuna anayeugusa kwa raha bila yeye.

Na kwa kazi hii Mungu amewaleta mahali penyewe. Chuo Kikuu cha Iowa, hapo ng'ambo ya mto, kinaongozwa tangu msimu wa 1999 na Kirk Ferentz, na Ferentz kabla ya kuwa kocha mkuu alikuwa mwalimu wa mstari. Alifundisha mstari hapa hapa kuanzia 1981 hadi 1989, chini ya Hayden Fry, na baadaye akafundisha mstari kwenye NFL, ligi kuu ya kulipwa, Cleveland kisha Baltimore. Mwaka 2025 aliipita rekodi ya Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, ya kushinda mechi nyingi zaidi akiwa kocha katika Big Ten, ligi ya vyuo anamocheza Iowa. Lakini mimi navutiwa zaidi na alikotoka. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari karibu na Pittsburgh, kocha wake alikuwa Joe Moore, ambaye baadaye alifundisha mstari katika vyuo vya Pittsburgh na Notre Dame. Leo ipo tuzo yenye jina la Joe Moore, inayotolewa tangu 2015 kwa mstari bora wa vyuo nchini. Tuzo hiyo hapewi mtu mmoja. Wanapewa wote pamoja. Iowa waliipata mwaka 2016.

Sasa nitawataja vijana waliopitia hapa, na ninaomba msikilize walikoanzia kuliko walikofika.

Robert Gallery alikuja Iowa kama taitendi, yaani yule anayejipanga pembeni mwa mstari na kuruhusiwa kudaka mpira. Wakamhamishia kwenye mstari. Mwaka 2003 akashinda Outland, tuzo kubwa ya watu wa mstari, na 2004 akachaguliwa wa pili katika uteuzi mzima wa NFL, ule ambao timu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu. Eric Steinbach naye alikuja kama taitendi. Brandon Scherff, kijana wa Denison huko magharibi mwa jimbo, aliwahi kucheza kwotabeki akiwa sekondari. Mwaka 2014 akashinda Outland. Bruce Nelson wa Emmetsburg alikuja bila ufadhili wowote, akaomba kujiunga na timu kwa gharama za nyumbani kwao, na akaondoka akiwa senta aliyechaguliwa katika raundi ya pili ya NFL, 2003. Tyler Linderbaum ametoka Solon, hapo juu, mnapapita mkienda ziwani kuvua. Alichukuliwa acheze ulinzi. Wakamgeuza senta, na mwaka 2021 akapata tuzo ya Rimington ya senta bora nchini.

Mnaona? Karibu wote hawa hawakuwa watu wa mstari walipofika. Walitoka miji midogo, wengine wembamba kuliko vijana tulio nao humu leo. Kuna mtu aliwatazama miguu, akatazama mikono, akatazama tabia, akasema huyu nikikaa naye miaka mitatu atakuwa kitu. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe leo kuliko jingine lolote: mchezaji wa mstari hutengenezwa, na kumtengeneza huchukua miaka. Kwa hiyo chuo cha kumpeleka mwanao ni kile chenye mwalimu wa kumtengeneza na subira ya kumngoja. Nembo ya chuo, ukubwa wa uwanja, runinga, hayo yaje baadaye.

Mkimbiaji mwenye kasi anaweza kuingia uwanjani akiwa na miaka 18 na watu wakashangilia. Kasi anayo tayari. Kwenye mstari ni nadra. Tristan Wirfs wa Mount Vernon, dakika chache kutoka hapa, alikuwa bingwa wa jimbo wa mieleka shuleni. Mwaka 2017 alianza mechi pembeni mwa mstari wa Iowa akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na tangu Ferentz awe kocha mkuu hakuna mwingine wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amewahi kufanya hivyo. Hakuna hata mmoja kwa miaka 18. Huyo Wirfs ni mtu aliyekuja kuchaguliwa wa 13 na kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL, katika msimu wake wa kwanza na Tampa Bay. Kijana wako asipokuwa Wirfs, hajafeli.

Kwa nini inachukua muda? Mwili kwanza. Mtu wa mstari katika vyuo vikubwa ana uzito wa karibu kilo 135, na anatakiwa awe na kilo hizo huku akipanda ngazi bila kuhema. Kijana wa miaka 17 mwenye kilo 110 ataongezewa zile 25 taratibu, kwa chakula na vyuma, kwa miaka miwili au mitatu. Akina mama, mkiona anakula mara tano kwa siku msishtuke. Maharage, samaki, mayai, wali, ugali, ndizi, vyote vinafaa, na vinafaa kuliko makopo ya unga yanayouzwa madukani kwa bei ya kodi ya nyumba. Mtu akimwambia kijana wako ameze kitu ambacho hataki ninyi mkione, mleteni kijana kwangu, au mpelekeni kwa daktari. Na mwacheni alale. Usingizi ndio unaojenga, na vijana wetu wengi wanalala kwa muda wa saa tano tu kwa sababu ya simu.

Halafu mikono na miguu. Hapa ningeweza kusema mpaka usiku. Simameni karibu na mazoezi ya mstari siku moja mtazame kijana mmoja tu. Ameinama, mkono mmoja umegusa nyasi, mgongo umenyooka, visigino vimeinuka kidogo sana. Mpira unapoondoka, hatua yake ya kwanza ni fupi mno, inchi sita hivi. Akipiga hatua ndefu mguu unakaa hewani, na mguu ulio hewani hauwezi kumsukuma mtu. Hatua ya pili lazima iguse ardhi kabla mpinzani hajamfikia. Wakati huo huo mikono inatoka chini, viwiko vimebana mbavu, vidole gumba vinatazama juu, viganja vinatua ndani ya kifua cha mpinzani. Mikono ikitua nje, mabegani, refa ataona anamshika mwenzake na timu itarudishwa yadi 10. Magoti yamekunjwa muda wote. Anayeinuka kwanza anasukumwa. Ndiyo maana kule vyuoni wana fremu ya chuma yenye paa la chini, vijana wanatokea chini yake wakiwa wameinama, na anayeinuka mapema anakigonga chuma kwa kofia. Wanarudia hatua hiyo moja, wiki baada ya wiki, mpaka mwili uijue bila kuambiwa.

Na hiyo ni hatua ya mchezo wa kukimbia. Pasi ina miguu yake tofauti kabisa: kijana anarudi nyuma kwa kuteleza, nyonga zimetulia, anamkabili mtu anayemjia kwa kasi kutoka pembeni, bila kumgeuzia bega. Mwalimu mzuri humfundisha kijana hayo yote mawili bila kumchanganya. Mwalimu mbovu humpigia kelele awe mkali zaidi. Ukali si ufundi, ndugu zangu. Nimewaona vijana wakali sana wakipitwa na mkabaji mwembamba kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao kuwaonyesha pa kuweka mguu wa nje.

Iowa wana mchezo wao wanaoupenda tangu zamani, ambapo watano wote wanatoka kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na mkimbiaji anawafuata akitazama ni wapi pamepasuka. Hakuna aliyepangiwa mtu wake wa kudumu. Kila mmoja anashika eneo. Gadi na senta wanaanza pamoja juu ya mkabaji mmoja, bega kwa bega, kisha mmoja anamwachia mwenzake na kupanda kumfuata mlinzi wa safu ya pili. Nani apande? Inategemea mkabaji ameegemea wapi, na hilo linajulikana ndani ya nusu sekunde. Mliokulia Uvira, Kalemie au Kigoma mmewaona wavuvi wakivuta kokoro alfajiri: mmoja akivuta kabla ya wenzake, wavu unapinda na samaki wanatoka upande wa pili. Watano hawa ni vivyo hivyo. Mmoja akiwahi au akichelewa, mkabaji anapita pale pale palipopinda, na aliyekosea ni mmoja lakini anayeumia ni mkimbiaji.

Kuna kichwa pia, na watu wengi hawakijui kichwa cha mtu wa mstari. Kabla mpira haujaondoka, senta anawatazama walinzi, anamnyooshea kidole mmoja wao na kutoa neno, na neno hilo linabadilisha kazi ya wote watano. Magadi wanajibu kwa neno jingine. Wa pembeni wanapeleka ujumbe kwa taitendi. Yote haya ndani ya sekunde chache, mbele ya watu wapatao 69,000 kama ni Kinnick, uwanja wa Iowa. Wakiwa ugenini kelele zinazidi hata senta hasikii, basi gadi humgusa senta kumwashiria kuwa kwotabeki yuko tayari. Wanajifunza haya kwenye chumba cha video, kocha akisimamisha picha kwenye hatua ya pili na kuuliza: mguu wako uko wapi, macho yako yanamtazama nani? Vijana wetu waliokua wakizungumza Kiswahili na mama, Kifaransa darasani na Kinyarwanda kwa bibi wana vichwa vilivyozoea kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine. Mimi nimeona faida yake kwenye mstari, na ninawaambia makocha wenzangu hivyo.

Mkitaka kuona nguvu ya mwalimu, tazameni habari ya Jordan Mailata. Kijana wa Australia, mcheza raga, mrefu mita 2 na zaidi. Hakuwahi kucheza futiboli hii hata siku moja mpaka Philadelphia Eagles walipomchagua mwaka 2018, raundi ya saba. Wakamkabidhi kwa Jeff Stoutland, mwalimu wa mstari ambaye kabla ya hapo alikuwa Alabama. Misimu miwili Mailata hakucheza mechi hata moja. Mgongo nao ulimsumbua. Alijifunza kuinama, akajifunza hatua, akajifunza mikono. Mwaka 2020 akaingia, mwaka 2021 akasaini mkataba mkubwa, na Februari 2025 alikuwa pembeni ya kushoto Eagles walipotwaa Super Bowl. Mkenya Daniel Adongo naye alitoka kwenye raga mwaka 2013 akaenda moja kwa moja Indianapolis Colts, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, lakini upande wa ulinzi, na hakukaa muda mrefu. Lakini hao ni watu wawili wenye miili ya ajabu, na mlango wao si wa kila kijana. Chuo ndicho mahali ambapo kijana wa kawaida anapewa ile miaka ya kujifunza, na anapata shahada juu yake.

Ndiyo maana naomba msikasirike mkisikia neno redishati. Baba mmoja alitaka kumrudisha kijana nyumbani kwa sababu aliambiwa hatacheza mwaka wa kwanza, alidhani wamemkataa. Hawajamkataa. Mchezaji ana miaka mitano ya kucheza misimu minne, na ule mmoja wa kuvaa redishati ni wa kula, kunyanyua vyuma na kusoma. Tangu 2018 sheria inamruhusu acheze hadi mechi nne bila kuupoteza mwaka huo. Kwa mtu wa mstari hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo.

Lakini siku hizi subira ina mshindani, nayo ni pesa. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Tangu 2018 ipo potali ya uhamisho, orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, na sasa kijana anaweza kuhama bila kukaa mwaka nje. Mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Sipingi. Kijana anayechoka uwanjani huku wengine wakitajirika kwa jasho lake ana haki ya kulipwa, na familia zetu zinazihitaji hela hizo. Ninachosema ni kwamba kijana wa mstari akihama kila msimu unapoisha, kila mwaka anaanza na mwalimu mpya, maneno mapya, hatua mpya, na ile miaka mitatu ya kumtengeneza haifiki kamwe. Akiwa mwaka wa kwanza au wa pili na anafundishwa vizuri, dola elfu kadhaa za mahali pengine zinaweza kumgharimu kazi nzima ya maisha. Akiwa hafundishwi, ahame, tena mapema. Makubaliano hayo ya 2025 yameweka pia kikomo cha wachezaji 105 kwa timu zilizoyakubali, na hilo limepunguza nafasi za vijana wasio na ufadhili, akina Bruce Nelson wa leo. Kama kijana wako alitaka kuingia kwa mlango huo, ulizeni kwa uwazi kabla hajafunga mizigo. Na kwa wale walio hapa kwa viza ya masomo, msisaini malipo yoyote kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji. Viza hiyo ina masharti yake ya kazi na kipato, na ikiharibika hakuna kocha atakayeirekebisha.

Mtazameni pia anayepanga ushambuliaji mzima, maana mwalimu mzuri wa mstari hatoshi. Msimu wa 2023 Iowa walishinda mechi 10, lakini ushambuliaji wao ulikuwa wa mwisho kabisa kwa yadi katika daraja lote la juu la vyuo. Ulinzi ndio uliowabeba. Wakabadilisha mpangaji wa ushambuliaji, akaja Tim Lester mwaka 2024, na mkimbiaji Kaleb Johnson akapata yadi 1,537 msimu huo nyuma ya vijana wale wale waliokuwa wakilaumiwa mwaka uliotangulia. Vijana wa mstari walikuwa wamekomaa, na mipango ikawapa nafasi ya kuonekana. Kwa hiyo kijana akisifiwa chuo fulani, ulizeni: wanataka kucheza namna gani? Kijana mzito wa kusukuma hatafurahi mahali wanapotupa pasi mara 50.

Sasa niseme yale yanayonikosesha usingizi.

Joto. Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa mstari wa Chuo Kikuu cha Maryland, miaka 19, aliishiwa nguvu kwenye mazoezi ya kukimbia. Mwili wake ulikuwa unaungua kwa ndani. Hawakumtia kwenye maji ya barafu. Alifariki wiki mbili baadaye, tarehe 13 Juni. Mwili mkubwa hutunza joto, na mwili mkubwa ndio tunaoutafuta kwenye mstari. Mzazi ana haki ya kuuliza: beseni la barafu liko wapi, nani ana mamlaka ya kusimamisha mazoezi, na mwanangu akisema hawezi tena, nani anamsikiliza? Nawaomba mfundishe watoto wenu kwamba kusema "siwezi" si aibu. Sisi wanaume wa kwetu tulilelewa kunyamaza. Kwenye joto la Agosti kunyamaza kunaua.

Kichwa. Watu wa mstari hugongana karibu kila mchezo, migongano midogo midogo, na ile midogo inajumlishana. Sitawaambia hakuna hatari, ningekuwa nawadanganya. Ulizeni wanavaa vifaa kamili siku ngapi kwa wiki na kugongana kwa nguvu siku ngapi. Kocha anayefundisha mikono vizuri anakiokoa kichwa, kwa sababu mkono ukitangulia kichwa kinabaki nyuma.

Na heshima. Mwaka 2020 wachezaji Weusi wengi waliowahi kuichezea Iowa walisema hadharani kwamba walibaguliwa na kudharauliwa ndani ya timu hii. Chuo kilileta wachunguzi wa nje, mkufunzi mkuu wa mazoezi ya nguvu akaondoka, na 2023 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya zaidi ya dola milioni 4. Nimewasifia Iowa mbele yenu leo, na ninasema hili pia mbele yenu, kwa sababu watoto wetu ni Weusi na majina yetu ni magumu midomoni mwa watu. Timu hii hii ndiyo aliyoichezea Calvin Jones, gadi Mweusi kutoka Steubenville, Ohio, aliyeshinda Outland mwaka 1955, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka uliofuata katika ajali ya ndege huko Kanada, na namba yake 62 haivaliwi tena na mtu yeyote Iowa. Mkimpeleka kijana mahali, zungumzeni na wachezaji Weusi wa mwaka wa nne, kocha akiwa hayupo. Watawaambia ukweli kwa dakika kumi.

Kuhusu shule nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko wengi wanakokwama. Ili acheze Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, kijana anahitaji masomo 16 ya msingi kuanzia darasa la tisa hadi la 12, Kiingereza manne na hesabu matatu yakiwemo, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo cha 4. Kumi kati ya hayo 16 ayamalize kabla ya kuanza mwaka wa mwisho. Mtihani wa SAT, ule wa kuingilia chuo, hautakiwi tena na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Kwa watoto waliofika Marekani wakubwa, madarasa ya Kiingereza cha wageni si yote yanayohesabiwa, na vyeti vya Kongo, Tanzania au kambini vinatakiwa kutafsiriwa na kupelekwa mapema. Mwendeeni mshauri wa shule akiwa darasa la tisa. Ukimwendea akiwa la 12, kocha mwenye mapenzi makubwa kuliko yote hana la kukusaidia.

Mwisho, siku kocha wa chuo atakapokaa kwenye kochi lenu. Mtamkaribisha, mtampa chai na mandazi, kwetu hatukai na mgeni mikono mitupu. Lakini msiogope kumuuliza. Nani hasa atamfundisha mwanangu, wewe au msaidizi wako? Mkataba wako unaisha lini? Kati ya vijana wa mstari mliowachukua miaka minne iliyopita, wangapi bado wako na wangapi wana shahada? Nionyeshe video ya mmoja wao mwaka wa kwanza, kisha nionyeshe huyo huyo mwaka wa nne. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Mwalimu wa kweli atafurahi, atatoa kompyuta hapo hapo na kuanza kueleza mguu wa kijana ulivyobadilika, na mtamsahaulisha chai yake. Asiye na cha kuonyesha atarudi kwenye habari za uwanja mpya.

Jumamosi saa nne asubuhi tutakuwa na vijana kwenye uwanja wa mazoezi wa shule. Wazazi njooni, hata wale ambao watoto wao bado wadogo, msimame karibu mtazame hatua ya kwanza kwa macho yenu. Na mama uliyeniuliza swali lile, nakuona pale nyuma. Kama bado lina mkia, anza wewe.